Nyundo, taya, mkono mrefu au roboti: kuchagua mtambo wa kubomolea kwa kuangalia vipande vinakokwenda

Mtambo wa kubomolea huchaguliwa mara nyingi kwa maswali mawili: upo upi karibu, na utamaliza lini? Swali la tatu, kwamba vipande vitakwenda wapi na nani atakuwa amesimama hapo, huachiwa kofia ngumu. Kofia hailiwezi swali hilo, na hesabu yake ni fupi.

Kofia ya kiwango cha Ulaya cha EN 397 hupimwa kwa kuangushiwa uzito wa kilo 5 kutoka mita 1. Hiyo ni nishati ya jouli 49. Nishati ileile huletwa na kipande cha zege cha nusu kilo kikianguka mita 10, na zege la nusu kilo ni donge la sentimita 6 kila upande, linaloenea kiganjani. Kebini ya mtambo yenye kinga ya vitu vinavyoanguka ya daraja la I chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO 3449 hupimwa kwa jouli 1,365: kutoka mita 10 hizohizo, ni kipande cha kilo 14. Daraja la II hupimwa kwa jouli 11,600, sawa na kilo 118. Bonge la zege la sentimita 50 kwa 50 kwa unene wa 20 lina kilo 120. Kwa hiyo bonge moja la sakafu ya kawaida, ambalo opereta huliangusha mara nyingi kwa siku, linafikia kikomo cha kinga nzito kuliko zote, na kofia imeshaachwa mbali sana.

Ndiyo maana hapa tunalinganisha mipangilio minne ya kazi kwa kuangalia safari ya kipande. Mpira wa chuma unaoning'inizwa kwenye kreni hatukuuweka. Bado upo, na kanuni za OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, zinataka uzito wake usizidi nusu ya mzigo ambao kreni imeruhusiwa, wala robo ya nguvu ya kukatika kwa kamba yake, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ila kipande kinachopigwa na mpira hakiongozwi na mtu, na hilo linautoa kwenye mashindano haya.

Vigezo

Kila mpangilio tumeupima kwa mambo manne. Kwanza, mwendo wa kipande: kinaanguka wima, kinaruka pembeni, au vyote viwili? Kuanguka na kuruka ni hatari mbili tofauti. Kinachoanguka huua kwa uzito, kinachoruka huumiza kwa kasi, na chembe ya gramu chache inatosha kulitoa jicho. Pili, nani yumo njiani: opereta, mpiga ishara, mwenye bomba la maji, mkata nondo, au mpita njia nje ya uzio. Tatu, kinachoharibika na sababu yake. Nne, unamfaa nani.

1. Ekskaveta yenye nyundo ya haidroliki

Mwendo wa kipande. Hapa tatizo kubwa ni vinavyoruka. Tindo hupiga mara mamia kwa dakika, na kila pigo hutoa vibanzi kutoka uso wa zege. Kipande kinachotoka kwa usawa kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde kikiwa mita 3 juu ya ardhi hutua karibu mita 8 mbele. Kazi hiyohiyo ikifanywa mita 12 juu, hutua mita 15 na zaidi. Watu husahau hili pale nyundo inapohamishwa kutoka msingi kwenda ghorofa ya tatu: uzio unabaki palepale ulipokuwa.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani. Mtetemo husafiri ndani ya jengo. Nyundo inapiga boriti upande mmoja, na upande wa pili plasta, vigae au kioo kilicholegea kinadondoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiangalia.

Nani yumo njiani. Opereta ameketi mbele kabisa ya vibanzi, hivyo kinga ya juu peke yake haimtoshi. Anahitaji kinga ya mbele, wavu wa chuma au fito, chini ya ISO 10262, na kioo cha polikaboneti (plastiki ngumu) badala ya kioo cha kawaida. Mwenye bomba la maji ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu vumbi humvuta asogee ili maji yafike. Afungiwe kinyunyizio kwenye mkono wa mtambo, aondoke hapo. Miwani yenye herufi F chini ya EN 166 hupimwa kwa kipira kidogo cha chuma kinachokwenda mita 45 kwa sekunde, na ya herufi B mita 120 kwa sekunde. Karibu na nyundo, B ndiyo ya kuvaa, na hiyo ni miwani mikubwa (goggles) inayokaza usoni pande zote. Miwani ya vishikio vya masikioni haifiki daraja hilo.

Kinachoharibika. Makosa manne hurudiwa kila mahali. Opereta anatumia tindo kama mtaimbo kubanjulia zege, tindo inavunjika, na kipande cha chuma kigumu kinaruka kuliko zege lolote. Anapiga kwa pembe badala ya kuiweka tindo nyuzi 90 juu ya uso, inateleza. Anapiga hewani baada ya zege kuachia, pini zinazoshika tindo zinachoka, na siku moja tindo yenyewe inachomoka. Nalo la nne ni ubishi: zege halivunjiki, anaendelea kupiga tundu lilelile. Kama sekunde 15 hadi 30 zimepita bila ufa, asogee karibu na ukingo na aumegue kidogo kidogo. Kuendelea kunapasha tindo moto na kutengeneza unga, zege linabaki.

Unamfaa nani. Misingi, sakafu za chini, zege nene lisilo na watu karibu, mahali ambapo vipande vinabaki usawa wa ardhi. Kwa kuta ndefu zilizo wima ni chaguo baya, hata kama ndilo lililopo saiti.

2. Ekskaveta yenye taya

Taya ni za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoumiza. Taya za kuponda huuma zege likiwa bado limesimama kwenye jengo. Taya za kusaga hutumika chini, kutenganisha zege na nondo. Mkasi hukata chuma.

Mwendo wa kipande. Taya hubana, hazigongi, hivyo vibanzi vinavyoruka ni vichache na mtetemo ni mdogo. Kipande kinapoachia huanguka karibu wima chini ya mdomo wa taya. Faida yake kubwa ni kwamba opereta stadi anaweza kuuma, kushika na kushusha: kipande hakianguki kabisa, kinawekwa. Nyundo haiwezi hilo.

Mkasi una tabia yake. Ukikata bomba au chuma kifupi, kipande kinaweza kuchomoka kati ya visu kama mbegu ya chungwa inavyobanwa kwa vidole, hasa visu vikiwa vimechakaa na nafasi kati yake imepanuka. Chuma cha kalibu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo) na reli havikatiki, vinapasuka. Vitengwe, vikatwe kwa njia nyingine.

Nani yumo njiani. Hatari inahamia kwa mkata nondo. Zege limepondwa, nondo zimebaki, na bonge la kilo mia linaning'inia kwa nondo mbili. Hapo mtu hutumwa na gesi au mashine ya kukatia. Hii ndiyo dakika mbaya kuliko zote kwenye mpangilio huu. Nondo iliyopinda imejaa mvuto: ikikatwa hujirudi kama fimbo, na bonge huondoka upande ambao hakuna aliyeukisia. Sheria ya saiti iwe moja: bonge linaloning'inia hukatwa kwa taya zenye kisu cha nondo, au kwanza hushikwa na mtambo mwingine. Mtu hasogei chini yake hata kwa sekunde moja.

Kinachoharibika. Opereta anauma kikubwa kuliko kinachobebeka. Anakata boriti ncha moja, ncha ya pili bado imeshika, na boriti inazunguka kama bawaba kuelekea kebini. Njia sahihi ni kuimega kutoka katikati au kutoka ncha isiyobeba kitu, vipande vya urefu ambao taya zinaweza kuubeba bila mtambo kuinua nyuma yake. Jambo jingine ni zege lenye nyaya zilizovutwa ndani yake, yaani nyaya za chuma zilizokazwa kwa nguvu ili kuliimarisha. Ukiuma kizibo cha ncha ya waya wa aina hiyo, kizibo na waya vinaweza kutoka kama risasi kwa kufuata mstari wa waya. Michoro ya jengo isomwe kabla, na ncha zote mbili za kila waya ziwe wazi, hakuna mtu.

Unamfaa nani. Jengo lenye majirani, kazi ndani ya mji, fremu ya zege ya ghorofa chache. Anahitajika opereta mvumilivu, kwa sababu kazi ni ya polepole kuliko nyundo kwenye zege nene, na nguvu ya kubana ina mwisho wake.

3. Ekskaveta ya mkono mrefu

Hapa mtambo unasimama chini, na taya zinafanya kazi juu kwenye ncha ya mkono.

Mwendo wa kipande. Vipande vinaanguka kutoka juu sana, kwa hiyo hesabu ya mwanzo inakuwa kali. Kutoka mita 25, kilo 47 tu zinafikia kinga ya daraja la II, na gramu 200 zinafikia kofia. Kipande kinagusa chini baada ya sekunde 2.3 kikiwa na kasi ya karibu kilomita 80 kwa saa. Kelele ya “angalia!” haimwokoi mtu. Kisha hakiishii hapo: kinagonga lundo la kifusi, kinadunda, na mteremko wa lundo unakielekeza kwenye mtambo. Lundo likipanda, mteremko huo unasogea. Liondolewe mapema, kazi ya juu ikiwa imesimama.

Nani yumo njiani. Mtu mmoja tu anapaswa kuwa ndani ya eneo, naye ni opereta. Mpangilio huu umejengwa kwa umbali, na mara unapomruhusu dereva wa kipakizi aingie kuchota kifusi wakati taya zinauma juu, umeondoa sababu yote ya kuukodi. Kinga ya daraja la II ni ya lazima, kebini inayoinama nyuma inasaidia shingo, na kamera kwenye ncha ya mkono inampa opereta kuona sehemu ambayo jua na vumbi vinaificha.

Kinachoharibika. Kubwa ni uthabiti. Mkono mrefu hukubali kiambatisho chepesi tu. Mtu anayefunga taya nzito kuliko jedwali la mtengenezaji, au anayesimamisha mtambo juu ya kifusi kisicholingana, amekubali mtambo mzima uwe kitu kinachoanguka. Basi kuna kosa la mpangilio: kukata chini kwanza ili juu kuanguke kwenyewe. Kazi huanza juu, ghorofa moja baada ya nyingine, na ukuta wa zaidi ya ghorofa moja hauachwi umesimama peke yake bila kuegemezwa. Upepo mkali husimamisha kazi, kwa kuwa mabati na paneli huteleza hewani na kutua nje ya duara lolote ulilochora.

Unamfaa nani. Jengo refu lenye uwanja mpana upande mmoja angalau. Kama uzio uko mita chache kutoka ukutani na watu wanapita nje, usiulazimishe.

4. Roboti ya kubomolea inayofanya kazi juu ya sakafu

Ni mashine ndogo isiyo na kebini, huendeshwa kwa rimoti, mara nyingi kwa umeme wa kebo. Zipo za nusu tani na zipo za zaidi ya tani 10. Kampuni ya Uswidi ya Brokk, iliyoanza 1976, ndiyo jina ambalo wengi hulitumia kwa aina nzima. Inapandishwa juu kwa kreni na kushuka na jengo, ghorofa kwa ghorofa.

Mwendo wa kipande. Kipande kinaanguka mita 3 tu, hadi sakafu inayofuata. Hapo ndipo ushindi wake ulipo. Lakini hatari inagawanyika: ndani kwenda chini kupitia matundu ya kushushia kifusi, na nje kupitia ukingo wa jengo. Ukuta wa nje uvutwe ndani, usisukumwe nje, na jukwaa lenye wavu libaki limeufunika hadi kipande cha mwisho cha ghorofa hiyo.

Nani yumo njiani. Opereta hana kebini. Kinga yake ni umbali, na umbali huo anaushika yeye mwenyewe. Akitaka kuona ncha ya tindo, atasogea, na ndivyo anavyojikuta kati ya mashine na ukuta au mbele ya vibanzi. Achore mstari sakafuni, asiuvuke mashine ikiwa na nguvu. Na walio chini husahaulika kwa urahisi gani! Ghorofa mbili chini kuna mtu anayetoa mabomba, hajui kwamba juu wameshatoboa. Ghorofa yote iliyo chini ifungwe, na kila tundu la kushushia kifusi lizungushiwe uzio pale kinakotua.

Kinachoharibika. Sakafu yenyewe. Sakafu ya makazi husanifiwa kubeba takriban kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kifusi cha zege kilichorundikwa hadi sentimita 50 kina kilo 700 na kitu kwa mita ya mraba, na mashine ipo juu yake. Mhandisi ndiye anayesema ghorofa ngapi chini zishikizwe kwa mihimili na kifusi kishushwe kila baada ya muda gani. Usikisie. Matundu pia yana mpaka: OSHA inataka yasizidi robo ya eneo la sakafu, isipokuwa vishikizo vya pembeni vimebaki mahali pake. Njia za kushushia zenye mteremko wa zaidi ya nyuzi 45 ziwe zimefungwa pande zote.

Unamfaa nani. Jengo lililobanwa na majengo mengine, ubomoaji wa sehemu tu ya jengo, hospitali au kiwanda kinachoendelea kufanya kazi upande wa pili. Haufai jengo ambalo sakafu zake zimeungua moto au nguzo zake zimeshatikiswa. Huko mashine haipaswi kupanda.

Mambo mawili ambayo chaguo halibadilishi

Kwenye mitambo ya haidroliki, kiambatisho chenyewe huanguka. Kiunganishi cha haraka kinachobadilisha nyundo kwa taya kinaweza kuonekana kimeshika kumbe pini ya mbele ndiyo iliyoshika, ya nyuma iko wazi. Tani moja inaondoka mkononi. Baada ya kila kubadilisha, opereta akishushe kiambatisho karibu na ardhi, akibane kuelekea kebini, akikandamize ardhini, akitikise, kisha mtu aione pini ya usalama kwa macho mtambo ukiwa umezimwa. Inachukua dakika moja. Hakuna mtu ndani ya mzunguko wa mkono mpaka ukaguzi huo uishe.

Na eneo la katazo. Kiwango cha Uingereza cha BS 6187 hulijenga kwa tabaka: mahali jengo liliposimama, mahali vipande vinaangukia, mahali vinakoweza kufika vikiruka au kudunda, kisha nafasi ya akiba nje ya hapo. Wengi huishia tabaka la pili na kufunga utepe. Utepe hauzuii kitu. Pawe na uzio mgumu, na mlango mmoja wenye mtu mwenye redio ambaye neno lake husimamisha mtambo.

Uchague upi, kwa hali uliyonayo

Msingi au sakafu ya chini, uwanja mtupu: nyundo, yenye kinga ya mbele. Ukiwa na taya pia, vunja kwa nyundo, sagia kwa taya, lakini si kwa wakati mmoja mahali pamoja.

Ghorofa mbili au tatu, majirani karibu: taya kwenye ekskaveta ya kawaida, kinga ya daraja la II, na opereta anayejua kushika kabla ya kukata.

Jengo refu, uwanja mpana: mkono mrefu kwa ghorofa za juu, kisha ekskaveta ya kawaida inapofika urefu inaoufikia kwa raha. Kifusi kichotwe kwa zamu, taya zikiwa zimetulia chini.

Jengo refu, hakuna uwanja: roboti kutoka juu, sakafu zikishikizwa. Ikishuka hadi ghorofa ambazo ekskaveta inazifikia kutoka upande ulio salama, badilisha.

Fremu ya chuma: mkasi, lakini kagua kama kuna chuma cha kalibu, na vipande vifupi vishikwe kabla ya kukatwa.

Zege lenye nyaya zilizovutwa: kabla ya mtambo wowote, mhandisi aseme nyaya ziko wapi na zitaachiwa kwa mpangilio gani. Bila karatasi hiyo hakuna cha kuchagua.

Jengo lililoungua au lililoanza kuinama: chochote kinachomweka opereta mbali. Kwa kawaida ni mkono mrefu. Kama uwanja hauruhusu, kazi isianze kabla jengo halijashikizwa, hata kama mtambo umeshalipiwa na uko getini.